Nettleton na wenzake wa Augsburg

Makala yenu inamsifu John Nettleton, mzaliwa wa Nongoma, Natal, aliyeihama Afrika Kusini na kujiunga na jeshi la anga la Uingereza mwaka 1938, lakini inalipita harakaharaka shambulio lililompa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Tarehe 17 Aprili 1942, ndege 12 za mabomu aina ya Lancaster zilitumwa mchana kweupe kupiga kiwanda cha injini za nyambizi mjini Augsburg, Ujerumani, zikiruka chini mno hata mabomu yakategwa yachelewe sekunde 11 kulipuka, yasije yakawaua walioyadondosha. Ndege 7 hazikurudi. Kati ya 6 za kikosi chake, ilirejea yake tu. Waliopanga safari ile, kwa maoni yangu, walistahili kuhojiwa kuliko kupongezwa. Nettleton mwenyewe alitoweka Julai 1943, akitoka kushambulia Turin, Italia.