Viazi Vyangu Vimelala, Mimi Sipati Usingizi

Leo siku ya 23 tangu nizike viazi vyangu. Nasema nizike kwa makusudi, maana mpaka sasa hajafufuka hata mmoja. Matuta yote kimya. Yaliyoota ni magugu, tena kwa fujo, bila mbegu wala mbolea wala mtu wa kuyaombea. Nikiyang'oa asubuhi, jioni yamerudi na shemeji zao. Viazi nilivyovitandikia samadi iliyooza vizuri, nikavipanga sentimita 30 kwa 30 kama askari wa gwaride, ndivyo vimenifumbia macho. Na kiazi kina macho mengi kuliko mimi!

Mama watoto haniulizi kitu. Anapita tu na ndoo yake, anatazama shamba, anakohoa. Siku ya 14 ndipo uvumilivu ulimwishia: "Baba, hivi ulipanda au ulificha?"

Jirani yangu ni wale watu wa "si nilikwambia," hata kama hakukwambia. Alikuja mikono nyuma kama mkaguzi. "Ulichimba kina gani?" Nikamjibu cha kutosha. Akachukua kijiti, akapima: sentimita 22. Alicheka mpaka akaegemea mti. Kumbe 10 hadi 15 zinatosha kabisa. Huko nilikoviweka mimi vinahitaji ngazi.

Akaendelea na mashtaka. "Na maji je?" Hapo nikajivuna, kwa sababu nimemwagilia asubuhi na jioni bila kukosa. Mtu aliyelala fofofo si unammwagia maji? Akashika kichwa. Kiazi kisicho na majani kina maji yake tumboni, kinataka unyevu wa kiasi tu. Ukikizamisha kwenye tope kinakosa hewa, kinaoza. Yaani siku zote hizo nilidhani naamsha, kumbe naosha maiti.

"Udongo una joto?" Nikakimbilia ndani, nikatoka na kipimajoto cha mtoto, nikakichomeka tutani. Hakikusoma kitu. Kile kinajua homa tu, baridi hakijasomea. (Mama watoto alikiona kikiwa na udongo. Hayo tuyaache.) Jirani akasema udongo ukishuka chini ya nyuzi 7 kiazi hakijishughulishi kabisa, kwenye 15 hadi 20 ndipo kinachangamka, na majani huonekana baada ya wiki 2 au 3. Kukiwa na baridi, hesabu hata wiki 5.

Lililoniuma zaidi ni la mbegu yenyewe. Nusu ilikuwa imevunwa wiki mbili tu kabla sijaipanda. Basi kiazi kikitoka shambani kina likizo yake, miezi 2 hadi 3 kutegemea aina, na hakichipui hata ukibembeleze kwa mashairi. Miezi mitatu! Mimi nikiomba siku 3 bosi ananiuliza nani amefariki. Kiazi hakijawahi kuwahi kazini hata siku moja, kinapewa robo mwaka.

Nusu nyingine ilikaa gizani kwenye gunia, ikaota vichipukizi vyeupe virefu kama tambi. Nikavinyoa vyote kabla ya kupanda. Nilidhani ni usafi! Jirani alinyamaza kwanza, halafu akaniambia polepole, kama daktari anayetoa habari mbaya, kwamba vile ndivyo vilikuwa mmea. Mbegu huachwa kwenye mwanga hafifu, vichipukizi vitoke vifupi, vinene, vya kijani, halafu vipandwe kwa adabu. Ukivivunja, kiazi kinaanza upya, tena kwa kinyongo.

"Fukua kimoja tu," akaniagiza, "kwa vidole, usitumie jembe. Ukikibonyeza kikawa kigumu, kizima. Kikiwa laini na kinanuka, samahani."

Jioni nikapiga magoti. Nikafukua taratibu, nikabonyeza: kigumu! Nikapapasa juu yake, nikakuta kichipukizi kinene, kimesimama wima, kimebakiza sentimita 3 kutoka nje. Nikapiga kelele, "Mama watoto! Njoo uone!" Nikakinyanyua kidogo ili akione vizuri.

Ka!

Kichipukizi kikabaki mkononi. Nikakitia mfukoni, nikarudishia udongo haraka haraka. Mama watoto akafika anahema, taa mkononi.

"Kiko wapi?"

"Ongea polepole," nikamwambia. "Kimelala."