Sikuposa kwa projekta

Naanza na hili kwa sababu habari imeshanitangulia: sikuposa. Rafiki yangu wa meza ya jirani amewaambia watu watatu, na hao watatu wana simu, kwamba Jumatatu nilisimama mbele ya kikao nikamposa dada wa manunuzi kwa projekta. Uongo mtupu. Kwanza ilikuwa jana, Jumanne. Pili, mimi sikufungua mdomo. Aliyesoma yote ni mkuu.

Mlio nami siku nyingi mnaijua ile kazi ya kila wiki ninayoilalamikia. Watu 11 wananiletea ripoti 11, kila mmoja na faili lake la maandishi, nami nafungua moja moja, nakopi, nabandika, nasafisha uchafu wa kila mtu, mpaka ipatikane ripoti moja ya kikao. Mwezi uliopita nikachoka, nikaandika skripti ya Python, yaani programu fupi kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, inifanyie. Nikaiita unganisha.py. Ilifanya kazi vizuri, ila majina ya mafaili nilikuwa nayaandika humo ndani kwa mkono kila wiki, na hapo ndipo tamaa ilipoanza. Nilitaka nichague mafaili yote kwa mpigo, niyaburute kwa kipanya, niyadondoshe juu ya ikoni ya skripti pale kwenye desktopu, basi. Kama mtu anayetupa nguo chafu kwenye tenga.

Sasa ikoni yangu ilikuwa na kiburi. Ukiipelekea faili, kishale kinageuka kiduara chenye mstari wa kukata katikati: hapana, pita na mzigo wako. Faili la .bat, lile dogo la amri za Windows, halina makuu hayo. Ukilidondoshea chochote linapokea, njia za mafaili zinaingia zenyewe kwenye %*, alama inayobeba vyote vilivyodondoshwa, na .bat ya mstari mmoja ingeniitia Python nikalala saa tatu usiku. Nilijua hilo. Nikalidharau. Nilitaka ikoni yenyewe ipokee, uso kwa uso, bila mshenga.

(Neno mshenga limenitoka tu. Msianze.)

Nikaingia kwenye rejista ya Windows, kule Windows inakotunza mipangilio yake ya ndani. Wanaoijua wanajua kwamba mle huingii na usingizi machoni. Unakwenda HKEY_CLASSES_ROOT, unatafuta Python.File, chini yake shellex, chini yake unatengeneza DropHandler, yaani mpokea vinavyodondoshwa, halafu unaipa thamani ambayo ni namba ya kitambulisho: herufi na tarakimu 32 zilizokatwakatwa kwa vistari na kufungiwa ndani ya mabano yenye viuno. Nilikuwa na mbili za kuchagua. Nikachukua iliyoanza kunipitia machoni, 86C86720 na mkia wake, ile inayotumiwa na programu za .exe. Ikoni ikapokea! Nikaruka peke yangu chumbani. Kisha nikaona majina yamefika yamenyolewa kwa mtindo wa zamani, herufi nane na kiambishi cha herufi tatu: RIPOTI~1.TXT, RIPOTI~2.TXT, RIPOTI~3.TXT, kama mahabusu kwenye foleni. Na skripti yangu inamtambua mtu kwa jina la faili lake. Nikarudi, nikaweka ile nyingine, inayoanza na 60254CA5, ambayo Windows huitumia kwa skripti zake yenyewe. Majina yakafika mazima. Saa nane usiku.

Na saa nane hiyohiyo nikafanya badiliko la mwisho. Palipokuwa na orodha yangu ya majina nikafuta, nikaweka sys.argv, yaani: chukua kilichodondoshwa. Nikadondosha mafaili mawili ya majaribio. Faili la matokeo likazaliwa. Nikaangalia ukubwa wake, nikaona si sifuri, nikafunga kompyuta kwa fahari. Sikulifungua. Naomba msome tena hapo: sikulifungua.

Kuna jambo moja zaidi mlijue kabla hatujaingia kikaoni. Kwenye Python, mstari ukianza na alama ya reli, hii #, kompyuta inauruka. Ni maelezo, mwandishi anajiandikia mwenyewe asije akasahau: hapa panajumlishwa, hapa panasafishwa. Mimi niliishi mle ndani mwezi mzima peke yangu, na mtu akikaa sana peke yake huanza kuongea.

Haya. Kikao.

Dakika tano kabla, nikaongeza mbwembwe moja ya asubuhi: matokeo yakiwa tayari, yafunguke yenyewe kwenye Notepad. Notepad ambayo wiki iliyopita niliikuza maandishi mpaka ukubwa wa 36 kwa sababu mhasibu alisema haoni. Nikachomeka projekta. Ningeweza kuifanya kazi yote kimyakimya kabla watu hawajaketi, lakini nimekesha, jamani. Nilitaka waone.

Nikachagua mafaili yote 11. "Mkuu," nikasema, na ile sauti niliyoitumia naionea haya hata sasa, "ukibeba mafaili mengi kwa pamoja, lile ulilolishika kwa kipanya ndilo linaloingia mbele. Kwa hiyo nalishika la kwako. Ripoti yako ndiyo itakayotangulia."

Mkuu akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mtazameni vizuri mtu huyo aliyeridhika, maana hatumwoni tena.

Nikaburuta. Kivuli cha mafaili kikaelea ukutani, kikapita juu ya pipa la taka (mtu mmoja nyuma akavuta pumzi), kikatua juu ya ikoni. Kishale hakikukataa. Nikaachia kidole. Dirisha jeusi likapepesa likapotea. Sekunde ya kwanza. Sekunde ya pili. Notepad ikafunguka ukuta mzima, na juu kabisa, pale skripti inapoweka kichwa cha kila ripoti, pameandikwa:

=== RIPOTI YA: UNGANISHA ===

Mkuu wetu ana tabia moja, kilichoko ukutani lazima akisome kwa sauti. "Ripoti ya Unganisha," akasoma. Akageuka. "Unganisha ni nani? Ni huyu kijana wa mafunzo?"

Kijana wa mafunzo akatikisa kichwa kukana, haraka, kama anayekana wizi.

Mimi hapo bado sijaelewa. Naona import sys, naona import os, na moyo wangu unaniambia kwa upole kabisa, maandishi haya nimeyaona wapi? Mkuu yale ya kompyuta akayaruka. Akashuka na macho akitafuta Kiswahili, akakipata.

"Alama ya reli. Faili la mhasibu. Ondoa mistari mitupu. Huyu anabonyeza Enter kama anaua mbu."

Mhasibu akainua kidole chake cha kubonyezea, akakitazama.

Hapo nikaelewa, tena kwa mpigo, kuanzia miguuni. Nikarukia kipanya nifunge dirisha. Mkono una jasho, kidole kikateleza juu ya lile gurudumu, na maandishi badala ya kufungwa yakapanda juu taratibu kama pazia la mchezo wa kuigiza.

"Alama ya reli. Faili la mkuu." Akasita. Alishajua ni yeye. Angeweza kuishia hapo, tukaenda nyumbani sote tukiwa watu. "Faili la mkuu. Hoja mbili, herufi kubwa elfu. Zishushe ziwe ndogo, tusipigiwe kelele mpaka kwenye karatasi." Chini yake kulikuwa na jina la kazi yenyewe, nalo akalisoma, polepole, kwa sababu lilikuwa na mstari katikati. "Def. Punguza. Domo."

Hakuna aliyekohoa.

"Hii alama ya reli maana yake nini?" akaniuliza.

"Ni maelezo tu, mkuu. Kompyuta haiyasomi."

"Anayasoma nani?"

"Mimi peke yangu, mkuu."

"Na sisi."

Najua mnachotaka kusema, mmeshanitumia tangu jana: si ungechomoa waya? Waya wa projekta ulikuwa umelala kwenye goti langu. Nilikuwa nausikia. Lakini kichwa kilikuwa kimeshaamua kwamba wokovu uko kwenye kibodi, kwa hiyo nikatafuta kitufe cha kufunga, na kwa vidole vyangu hivi viwili nikabonyeza cha kushusha ukurasa.

Ukurasa ukashuka.

"Alama ya reli," akasema mkuu, na sasa sauti imebadilika, ni ya mtu aliyekwisha kuumia na anataka kuona wengine nao wanafanywaje. "Faili la dada wa manunuzi. Liache lilivyo. Halina kosa."

Akanyamaza. Nikadhani amemaliza. Nikamshukuru Mungu kwa sababu "halina kosa" ni lugha ya kazi, mtu yeyote anaweza kuisema. Ila kwa ukubwa wa 36 sentensi ile haikutosha kwenye mstari mmoja. Maneno mawili yalikuwa yamedondokea chini, yamekaa peke yao, upande wa kushoto, ukuta mweupe wote ni wao.

"Kama mwenyewe," akamalizia mkuu.

Nilisikia feni ya projekta. Sikuwahi kujua kwamba ile projekta ina feni. Nilimwona dada wa manunuzi kwa pembe ya jicho, ameinamia daftari lake anaandika, na hakukuwa na kitu chochote cha kuandika kwenye kikao kile. Nikaanza kuhesabu vigae vya sakafu. Mtu mmoja akasema "Eeeh," ile ndefu, inayopanda mwishoni. Rafiki yangu wa meza ya jirani alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, mpaka macho yake yalipoteremka kwenye mstari uliofuata, ambao ni wake: kama faili lake halipo usishangae, andika tu itafuata. Huo mstari aliwasimulia? Hakuwasimulia. Nilijua.

Nikachomoa waya. Yaliyobaki si ya kusimulia: kikao kikasimama dakika kumi, ripoti nikaziunganisha kwa mkono kama zamani, nimepewa onyo la mdomo, mhasibu hanisalimii, kijana wa mafunzo sasa anaitwa Unganisha na jina limemshika.

Kosa lenyewe, kwa wale wanaoniuliza kwa nia njema na si kwa kunicheka, ni hili. Python inahesabu kuanzia sifuri, na kwenye sys.argv kitu cha sifuri ni skripti yenyewe. Vilivyodondoshwa vinaanzia moja. Mimi nikaiambia ipitie vyote. Ikapokea wageni 11, ikajihesabu na yenyewe, tena ikakaa mbele ya mkuu niliyemshika kwa kipanya kwa adabu zote zile. Dawa ni sys.argv[1:]. Mabano, moja, nukta pacha, mabano. Vibonyezo vinne vya kibodi, na ningekuwa mtu mwenye heshima zake.

Nimeviweka. Kisha nikafuta kila mstari wenye alama ya reli, wote, bila kusoma. punguza_domo sasa inaitwa sehemu_ya_tatu. Sehemu ya pili inafanya nini, sikumbuki tena, na hakuna maelezo.

Rejista sijaigusa. Ikoni bado inapokea, na kwa kweli inapokea vizuri sana, hilo mnipe.

Leo mchana, zikiwa zimebaki siku sita kabla ya kikao kijacho, dada wa manunuzi ameshaniletea faili lake. Hajawahi kuwahi hivyo. Hakuna salamu, hakuna neno, ni faili tu. Nimelifungua, na mstari wa kwanza kabisa, kabla hata ya tarehe, unaanza na alama ya reli:

# lina kosa moja. litafute.

Nimelisoma mara nne. Sijaliona. Na yule wa meza ya jirani asijue, tafadhali.