Huo waya wa ethi ni wa nini?

Wiki iliyopita jamaa mmoja hapa Majengo, Dodoma, alituita mafundi umeme tukaone jenereta yake isiyokunywa mafuta. Mota inazungusha oltaneta (mashine ya kuzalisha umeme), oltaneta inailisha mota, na umeme unabaki wa kuwasha taa sita. Wenzangu wakaanza kubishana habari za fizikia. Mimi nikainama kuangalia waya uliopita chini ya meza kwenda ukutani.

"Huo ni wa ethi tu, fundi."

Ethi tu! Ethi, waya wa usalama wa kupeleka umeme ardhini, nayo ni shaba. Ukiiunganisha unavyotaka, inabeba umeme kama fezi, yaani waya unaoleta umeme.

Nilimkumbuka Andrea Rossi, Mwitaliano aliyeonesha mtambo wake kule Bologna mwaka 2011, akidai nikeli na haidrojeni vinatoa joto kuliko umeme unaoingia. Mwaka 2014 mtambo ulijaribiwa siku 32 huko Lugano, ripoti ikasema joto lilizidi umeme zaidi ya mara tatu. Simwiti mwizi. Lakini mabishano ya miaka yote hiyo yangepungua sana kama tangu mwanzo wapimaji wangekuja na waya wao, soketi yao na mita zao.

Maana klampu mita, kifaa cha kubana waya na kupima mkondo tunachokiamini kupita kiasi, ni rahisi kuipumbaza. Ile ya kawaida inahisi sumaku inayobadilika-badilika, kwa hiyo ukipitisha DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) kwenye waya uleule inakuandikia sifuri. Ukiibana fezi na nyutro (waya wa kurudisha umeme) pamoja, sifuri pia: mkondo wa kwenda unafuta sumaku ya mkondo wa kurudi. Sasa mtu akificha uzi wa pili ndani ya ganda la waya mmoja, utajuaje bila kisu?

Ndiyo maana sikutaka hata kutoa mita mfukoni. Nilimwambia: ng'oa kila kinachogusa ukuta, nakuletea betri yangu ya sola, volti 12, ampea-saa 100. Hiyo ikijaa ina uniti (kilowati-saa) 1.2 hivi. Ndoo ya lita 20, maji ya nyuzi 20, hapa kwetu kwenye uwanda wa juu inachemka kwenye nyuzi 96 au karibu na hapo, na inataka kama uniti 1.8. Betri peke yake haifiki. Mashine yako ikiichemsha, nakununulia nyama choma na ninaomba radhi mbele ya watu.

Akasema mashine haijazoea betri.