Oili ya giaboksi ya otomatiki: hofu ya "usiiguse" inatoka wapi?

Mwenye pikapu ya otomatiki akiuliza habari za oili ya giaboksi, ushauri anaopewa gereji mara nyingi ni mmoja: kama gia zinaingia vizuri, usiiguse. Ukibadilisha oili, giaboksi itaanza kuteleza, na muda si mrefu utatafuta giaboksi nyingine. Anayesema hivyo mara nyingi ni fundi mzoefu, na mifano anayo. Wako wengine wanaosema oili hiyo na filta yake vina umri, na vibadilishwe kabla giaboksi haijaanza kulalamika. Hawa huonekana wanatafuta kazi tu. Naona wanaonewa.

Kwanza tuwape haki yao wenye kauli ya usiiguse, maana hawakuitoa hewani. Toyota, kwa giaboksi zake zinazotumia WS, oili yake yenyewe ya otomatiki, haiweki ratiba ya kuibadilisha kwa gari la matumizi ya kawaida. Watengenezaji wengine wamewahi kuiita oili ya maisha. Mwenye gari akisoma hivyo, kisha fundi wake akamwambia vilevile, ana sababu gani ya kubisha?

Ila kitabu kile kile cha gari kina mstari mwingine. Kwa soko la Marekani, Toyota inasema pikapu ya Tacoma inayovuta tela au kubeba mizigo mizito ibadilishwe oili ya giaboksi kila maili 60,000, yaani karibu kilometa 96,000. Kwa hiyo swali ni kama pikapu yako inaishi hayo maisha ya kawaida. Dabo kebini inayopakia mifuko 20 ya sementi, ambayo ni tani nzima, ikapanda mlima Kitonga nyuma ya msururu wa malori, haiishi maisha hayo. Hata inayoshinda kwenye foleni ya Dar es Salaam mchana wa Februari, kiyoyozi kimewashwa, haiishi maisha hayo. Kwa mwendo huo mdogo wenye mzigo, toki konveta, kile kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa kuzungusha oili, haijafunga klachi yake ya ndani. Inakoroga oili tu, na nguvu inayopotea pale inageuka joto.

Joto hili ndilo linalonifanya nisimame upande niliosimama. Kuna jedwali la zamani ambalo mafundi wa giaboksi wa Marekani wamelitumia miaka mingi. Linasema oili ikikaa kwenye nyuzi 80 hivi za Selsiasi itadumu kilometa 160,000. Ongeza nyuzi 11, umri unashuka nusu: 80,000. Ongeza nyingine 11, zinabaki 40,000. Ukifika nyuzi 113, ni 20,000. Namba zenyewe zisichukuliwe kama sheria, kwa sababu zilitokana na oili za madini za zama zile, na oili za leo zinavumilia zaidi. Lakini umbo la hesabu halijabadilika, kwani kemia ya oili kuungana na oksijeni ndiyo ile ile: kila nyuzi kumi hivi zinazoongezeka, kasi ya kuharibika inakaribia kuwa maradufu. Tuseme basi oili ya kisasa ni bora mara mbili. Ubora wote huo unaliwa na nyuzi 11 tu za ziada, na rejeta iliyoziba nusu kwa matope na mbegu za majani inakupa nyuzi hizo bila wewe kujua. Oili ikishaungua hivyo hailindi tena klachi za ndani, wala haisukumi valvu kwa presha inayotakiwa.

Halafu wako ZF, Wajerumani wanaotengeneza giaboksi ya spidi 8 iliyofungwa kwenye Amarok ya otomatiki ya kizazi cha kwanza, pikapu ya Volkswagen. Ni wao walioitengeneza, na wao wenyewe wanashauri oili ibadilishwe kila kilometa 80,000 hadi 120,000, au kila miaka 8, hata pale kampuni ya gari inaposema ni ya maisha. Giaboksi ya spidi 6 ya Ford Ranger iliyotoka mwaka 2011, ile 6R80, nayo ni ya ukoo huo huo: Ford waliijenga kwa leseni juu ya muundo wa ZF. Kati ya muuza gari na mtengeneza giaboksi, mimi namsikiliza wa pili. Muuza gari ana faida ya kuonyesha kwamba gari lake halina gharama za matunzo. Gari likiwa na miaka 12 liko kwa mwenye wa tatu, na si shida yake tena.

Sasa mifano ya fundi. Ni ya kweli. Giaboksi kweli zimekufa baada ya kubadilishwa oili. Ukidadisi, mara nyingi mwenye gari alikuja gereji kwa sababu ilikwisha anza: gia ya pili inachelewa, ukitia rivasi gari linasita kisha linashtuka. Akabadilisha oili akitumaini itapona. Klachi zilikuwa zimekwisha kuungua, na oili mpya haioteshi klachi. Lawama ikaenda kwa kitu cha mwisho kilichoguswa.

Mingine imetokana na kazi yenyewe. Oili nyingi za otomatiki ni nyekundu, na dukani zote huitwa haidroliki, kwa hiyo Dexron III, oili ya otomatiki ya aina ya zamani, humwagwa kwenye giaboksi inayotaka WS, iliyo nyepesi zaidi. Au sampo, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, inarudishwa na silikoni nyingi badala ya gasketi. Silikoni inayofinyika kuingia ndani hukatika na kwenda kukaa kwenye mdomo wa filta. Na kuna kusafisha kwa mashine inayosukuma oili yote itoke kwa mkupuo. Kwa giaboksi ya kilometa 250,000 ambayo haijawahi kuguswa, hapo nakubaliana na woga wa mafundi: uchafu uliotulia miaka yote unaweza kuhamia kwenye njia nyembamba za valvu bodi, sehemu yenye valvu zinazogawa oili ya kubadilisha gia.

Lakini kushusha sampo, kubadilisha filta na kujaza upya si kitu kimoja na mashine hiyo, na hapa ndipo wanaosema oili ibadilishwe hawaeleweki. Kwenye A750, giaboksi ya Toyota ya spidi 5, iliyofungwa katika baadhi ya Hilux na Prado, ukifungua sampo zinatoka lita 3 hivi kati ya zaidi ya 10. Nyingine imebaki kwenye toki konveta na njia za kupoozea. Mchanganyiko mpya ni asilimia 70 oili ya zamani. Rudia baada ya wiki kadhaa za kuendesha, mpya inafika nusu. Rudia tena, karibu theluthi mbili. Anayeogopa kwamba sabuni, yaani viungo vya kusafisha vilivyo ndani ya oili mpya, itang'oa kila kitu kwa siku moja, hesabu hii inamjibu. Na anayesema ule unga wa klachi ulio ndani ya oili ndio unaosaidia gia zisiteleze, anaeleza giaboksi iliyokwisha.

Faida nyingine ni macho. Ndani ya sampo kuna sumaku ndogo ndogo. Zikiwa na tope la kijivu, laini kama grisi ukilisugua vidoleni, huo ni uchakavu wa kawaida, futa, rudisha. Ukikuta vipande vinavyong'aa au magamba meusi ya klachi, na oili inanuka kuungua, umepata habari miezi kabla ya kukwama njiani. Kuhusu filta, Toyota nyingi zina chujio la wavu wa chuma ambalo baadhi ya mafundi huliosha na kulirudisha, na sioni kosa kubwa. Ya Ranger ni ya kitambaa, haioshwi. Ya ZF ya spidi 8, kwenye magari mengi, imeumbwa pamoja na sampo ya plastiki, unanunua vyote, na bei yake ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa usiiguse.

Kwa gari linaloteleza tayari, sioni haja ya kubishana: weka pesa ya ovahoo. Kwa lililo zima lakini historia yake haijulikani, shusha sampo, pima kilichotoka, rudisha kiasi kile kile cha oili iliyoandikwa kwenye kitabu. Kisha ngazi ya oili ipimwe, injini ikinguruma, kwa joto lililotajwa. Nyingi zinazotumia WS hazina kijiti. Unafungua bolti ya chini na kutazama oili ikidondoka kidogo kidogo, nyuzi zikiwa karibu na 40. Fundi anayetaka kupima giaboksi ikiwa imechemka kutoka safarini ataifunga ikiwa na oili pungufu, na wiki zinazofuata ataongeza mfano mwingine kwenye orodha yake.