Hatamu mbovu huharibika kabla haijasukwa

Anayeanza kusuka hatamu, yaani kamba za kumwongozea farasi, kwa ngozi mbichi huuliza kwanza kuhusu msuko: kanda nne au nane, fundo lile linafungwaje. Ni maswali mazuri, ila yanakuja mapema mno. Kwa maoni yangu, hatamu ikiwa mbovu ujue ubovu ulianzia kwenye maandalizi ya ngozi, na vidole vyepesi namna gani haviwezi kuuficha.

Chukua suala la joto. Ngozi mbichi haijadabaghiwa, yaani haijatiwa dawa za kuihifadhi. Uimara wake wote umo kwenye kolajeni, yaani nyuzinyuzi za protini za ngozi, iliyokauka ikashikana. Ikiwa bado na maji, joto la nyuzi 60 na kitu za Selsiasi linatosha kuifanya ijikunje, na ukiendelea kuichemsha unapata gundi. Sasa mtu anailoweka kwenye maji ya moto, au anaianika kwenye jua kali, eti iwahi kukauka! Iwambe kwenye fremu ya mbao, kivulini, penye upepo, na uwe umeshakwangua nyama na mafuta yote. Mafuta yakibaki, sehemu hiyo itakuwa dhaifu, ndiyo maana mafundi wengi hupendelea ng'ombe aliyekonda.

Kuhusu manyoya kuna ubishi usiokwisha. Chokaa huyang'oa kwa urahisi, lakini kazi yake ni kulegeza ngozi, na haichagui ilegeze nini. Ikikaa mno, au isiposuuzwa mpaka iishe, ukanda unakuja kukatika siku farasi anapovuta. Kwa kitu cha kubeba mzigo mimi nakwangua manyoya ngozi ikiwa kavu, kwa kisu kikali. Inachosha, sikatai.

Kukata hakuna siri kubwa. Ondoa tumbo na makwapa, kwani huko ngozi inavutika hovyo, kisha kata duara na uzunguke kutoka ukingoni kuelekea katikati. Ukanda wa kwanza uwe mpana kuliko unaohitaji. Uvute, uache ukauke, ndipo uukate upana wa mwisho, usawazishe unene na kulaza kingo zake.

Halafu unyevu. Hapa ndipo mafundi wanapoachana. Ukanda mkavu una rangi ya pembe, mwanga unapenya kidogo, na ukiukunja unalia. Uliolowa kabisa ni mweupe, umevimba, unateleza. Unaoutaka uko katikati: unakunjika kimya, ni baridi ukiuweka shavuni, lakini ukiubana hautoi tone. Saa haikusaidii hapa, maana ngozi ya mgongoni hunywa maji polepole kuliko nyembamba. Loweka kidogo, funga kwenye kitambaa, uache usiku kucha unyevu usambae mpaka ndani. Wanaotoa ukanda kwenye ndoo na kusuka papo hapo hufurahia ulaini wake. Ukikauka unasinyaa, na msuko uliokuwa umebana unaachia mianya ya kupitisha ukucha.

Gaucho wa Argentina na vaquero wa Mexico, wachunga ng'ombe wapanda farasi, walisuka kamba za kunasia ng'ombe kwa ngozi hii hii, na kamba ya namna hiyo haivumilii mianya.

Ukimaliza, viringisha msuko chini ya ubao ungali na unyevu, uache ukauke taratibu, kisha upake mafuta ya mnyama kiasi, ukisugua kwa kiganja. Ya kupikia siyapendi kwa kazi hii: yanazama, ukanda unalegea kama tambi, na hakuna namna ya kuyatoa.