Picha mbili usiku mmoja: ya pili inapoifunika ya kwanza

Mjomba wangu ni mtu wa picha za kauboi tangu ujana wake, kwa hiyo nilipopata High Noon na Rio Bravo kwa pamoja sikuhangaika nimwite nani. Tulianza baada ya chakula cha usiku. High Noon, ya mwaka 1952, ina dakika 85 tu. Rio Bravo, ya 1959, ina dakika 141. Jumla ni karibu saa nne kasoro robo za kukaa kitako, na katikati tulinyanyuka mara moja tu kuchemsha chai.

Picha ya kwanza ilipoisha mjomba alikaa kimya, kikombe mkononi. "Mji mzima," akasema baadaye, "hata mtu mmoja!" Nikafurahi, maana hivyo ndivyo nilivyoguswa mimi siku niliyoiona kwa mara ya kwanza. Lakini Rio Bravo ilipomalizika, usiku umeshakuwa mwingi, aliongea lugha nyingine kabisa: "Huyu ndiye mwanamume, mjomba. Yule wa mwanzo alikuwa analialia tu."

Kauli ile imenikaa kichwani. Ninapenda sana kuangalia filamu za zamani za Hollywood mbilimbili, zenye mada moja, na nimekuwa nikiwashauri wenzangu wafanye hivyo. Usiku ule niliona faida yake yote, na nikaona pia kinachopotea.

Kwa asiyezijua: katika High Noon, Gary Cooper ni Will Kane, mlinzi wa sheria wa mji mdogo, aliyefunga ndoa asubuhi ileile na anajiandaa kuondoka na mkewe. Inaletwa habari kwamba mhalifu aliyemfunga zamani ameachiwa, na anakuja kwa treni ya saa sita mchana kulipiza kisasi. Kane anazunguka kutafuta watu wa kusimama naye. Anaingia baa, anaingia kanisani ibada ikiendelea, anabisha hodi kwa rafiki ambaye anamtuma mkewe aseme bwana hayupo. Mwisho wanaobaki kujitolea ni mlevi mwenye jicho moja na mtoto wa miaka 14, na wote wawili anawarudisha nyumbani. Kuna pale kamera inapopanda juu taratibu na kumwacha katikati ya barabara tupu, mtu mzima anayezidi kuwa mdogo, na vumbi.

Katika Rio Bravo, John Wayne ni John T. Chance, mkuu wa usalama wa mji mwingine, amemweka mahabusu muuaji ambaye kaka yake ni tajiri mwenye jeshi la wahuni. Chance ana msaidizi aliyeharibiwa na pombe, aitwaye Dude, anayeigizwa na Dean Martin, na mzee kilema wa kulinda selo. Rafiki yake anapojitolea, yeye na watu wake, kumsaidia, Chance anakataa: hao si watu wa kazi hii, na wanawaza wake na watoto wao. Yaani kile ambacho Kane anakihangaikia mji mzima, Chance anapewa bure na anakirudisha.

Hilo halikutokea kwa bahati. Howard Hawks, mwongozaji wa Rio Bravo, alisema waziwazi zaidi ya mara moja kwamba aliitengeneza kwa sababu hakuipenda High Noon. Kwake yeye, mlinzi wa sheria anayejua kazi yake haendi huku na huko kuomba msaada. Wayne naye, kwenye mahojiano ya mwaka 1971, aliishutumu High Noon kuwa ni kinyume na Umarekani. Nyuma ya maneno hayo kuna siasa. Mwandishi wa High Noon, Carl Foreman, aliitwa mwaka 1951 mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti, akagoma kuwataja wenzake, milango ya kazi ikafungwa, akahamia Uingereza. Mwenyewe alieleza kwamba kadiri alivyokuwa akiandika, hadithi ile iligeuka kuwa yake: marafiki wanaovuka barabara wasikutane naye.

Huu ndio utamu wa jozi nzuri. Nilikuwa nimeziona picha hizi mbili miaka tofauti, na kila moja nikaichukua kama picha ya kauboi iliyotengenezwa vizuri. Nilipoziweka pamoja nikasikia watu wawili wanagombana juu ya swali zito: mtu wa haki akiwa hatarini, jamii inawajibika kwake, au ni yeye na waliosomea kazi hiyo? Hata muziki unazungumza. Dimitri Tiomkin ndiye aliyetunga wa picha zote mbili. Katika High Noon ni wimbo mmoja unaomfuata Kane kila anakokwenda. Katika Rio Bravo maadui wanampa mpiga tarumbeta apige usiku kucha wimbo wa kutangaza kwamba hakuna atakayesamehewa. Dude, mikono inamtetemeka, amejimiminia pombe aliyoiacha kwa siku kadhaa. Anausikia ule wimbo. Anachukua glasi, anairudisha pombe yote kwenye chupa, na hamwagi hata tone. Ukiwa umetoka kumwona Kane akiandika wosia peke yake ofisini, saa ya ukutani ikigonga, tukio hilo la glasi na chupa linakupiga mara mbili.

Wapenzi wa jozi husema tunafufua desturi ya zamani. Hapo mimi ninapunguza kidogo. Ni kweli kwamba Wamarekani wa miaka ya 1930 walizoea kulipia tiketi moja na kuona picha mbili, lakini sababu ilikuwa njaa. Mdororo wa uchumi ulikuwa umewafukuza watu kwenye majumba ya sinema, na wenye majumba wakaongeza picha ya pili kama muuza nyanya anavyoongeza moja juu ya fungu. Picha kubwa yenye nyota ilikodishwa kwa asilimia ya mapato. Ile ya pili, fupi na ya gharama ndogo, kwa bei moja iliyokatwa. Kampuni kama Republic na Monogram ziliishi kwa kutengeneza hizo za pili. Hakuna aliyekaa kupanga mada. Ungeweza kuangalia mapenzi ya mjini, kisha farasi. Kupanga picha kwa hoja ni kazi ya majumba ya baadaye yanayoonyesha filamu za zamani, kama New Beverly la Los Angeles, ambalo limekuwa likifanya hivyo tangu 1978. Kwa hiyo tusijifiche nyuma ya mababu. Jozi yenye mada ni yetu sisi watazamaji wa baadaye, na mazuri na mabaya yake ni juu yetu.

Ubaya wake mkubwa ni ule alionionyesha mjomba bila kukusudia. Picha ya pili ndiyo unayolala nayo. Rio Bravo ilikuwa na faida ya kusema mwisho, na ilisema baada ya kusikiliza hoja ya mwenzake kwa miaka saba. High Noon haikujua kama itajibiwa. Ilijengwa imwache mtazamaji na jambo moja tu, Kane akiitupa beji yake chini mbele ya watu waliomkimbia na kuondoka bila kusema neno, na baada ya hapo inataka ukimya. Mimi nikaujaza ukimya huo kwa chai na Dean Martin akiimba gerezani. Mtu aliyekuwa ameguswa mapema usiku ule hakuwa ameguswa tena.

Na kuna mfano ambapo hili lilitokea kwa watazamaji wenyewe wa wakati ule. Mwaka 1964 kampuni moja, Columbia, ilitoa filamu mbili kuhusu jambo lilelile: ndege za Marekani zinatumwa bila amri ya rais kuipiga Urusi kwa nyuklia, na rais anajaribu kuzuia maangamizi. Dr. Strangelove ya Stanley Kubrick, ambayo ni kichekesho, ilitoka Januari. Fail Safe ya Sidney Lumet, ambayo haina chembe ya utani, ilitoka Oktoba. Kubrick alikuwa amepigania yake itangulie. Katika zote mbili kuna rais kwenye simu na kiongozi wa Kisovieti. Kwa Kubrick, Peter Sellers anambembeleza mwenzake aliyelewa kama anayempigia shemeji aliyekasirika. Kwa Lumet, Henry Fonda amekaa kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, pembeni yake mkalimani kijana anayetokwa jasho, na unamwona rais akitafuta kwa sauti ya mwenzake kitu ambacho tafsiri haiwezi kumpa. Ni moja ya maongezi ya simu bora kabisa niliyowahi kuyaona kwenye filamu. Lakini watu walikuwa wamekwisha kulicheka jambo lile, na Fail Safe haikufanya vizuri sokoni. Ukizipanga hizi mbili nyumbani, tafadhali anza na Fail Safe. Kicheko kinachokuja baada ya hofu kina uzito. Hofu inayokuja baada ya kicheko haina pa kuingilia.

Pamoja na hayo yote, ipo jozi moja inayonizuia nisikate tamaa, na inatuhusu sisi wa huku. Mwaka 1953 John Ford alitoa Mogambo, iliyopigwa Kenya, Tanganyika na Uganda, Clark Gable akiwa mkamata wanyama anayependwa na wanawake wawili, Ava Gardner na Grace Kelly. Ukiiona peke yake unaweza kudhani ni filamu kuhusu Afrika Mashariki, na macho yatatafuta mahali unapopajua. Sasa tanguliza Red Dust ya 1932. Clark Gable ni yuleyule, amepungua miaka 21. Wanawake ni wawili, mmoja mtundu na mmoja mke wa mtu, kama kule. Hadithi ni moja, kwa sababu Mogambo ni Red Dust iliyorudiwa, tena kwa kalamu ya mwandishi yuleyule, John Lee Mahin. Ila Red Dust inatokea kwenye shamba la mpira Indochina, na ilipigwa studio.

Hapo ndipo unapoona. Vibarua wa Kiasia wanaopita nyuma ya Gable katika picha ya kwanza na wapagazi wa Kiafrika wanaopita nyuma yake katika ya pili wanafanya kazi moja: kupita nyuma ya Gable. Bara lilibadilishwa kama pazia, hadithi haikutikisika. Kenya ilikuwa imetangaziwa hali ya hatari Oktoba 1952, nchi inawaka, na ndani ya picha hakuna anayeuliza chochote kuhusu wenye nchi. Ningeweza kusoma makala kumi kuhusu namna Hollywood ilivyotutumia kama mandhari, na zisingenifunza kama zilivyonifunza dakika 199 za picha hizi mbili zikifuatana. Hapa jozi haikuinyang'anya Mogambo kitu ilichokuwa nacho. Ilinionyesha kile ambacho haikuwahi kuwa nacho.

Kwa hiyo msimamo wangu umesogea. Mada peke yake haitoshi. Kuchukua picha mbili kwa sababu zote zina mahakama, au treni, au mwigizaji aliyezeeka, ni kumchosha mtu bure. Kati ya picha hizo lazima kuwe na undugu au ugomvi. Na katika mbili hizo, ile ya kwanza mtazamaji awe ameshaiona siku nyingine, peke yake, akaishi nayo kidogo. Mtu asiyeijua High Noon hana haki ya kuisikia ikipingwa usiku uleule, na mimi nilimkosea mjomba kwa kumlazimisha aamue kesi kabla mlalamikaji hajakaa. Watakaosema kwamba mtu mzima anaweza kubeba mawazo mawili kwa pamoja wana haki yao. Nilichoona sebuleni ni kwamba wazo lililobebwa mwisho ndilo lililofika nyumbani.

Nimeshakubaliana naye tuirudie. High Noon peke yake, Jumapili, mchana. Hadithi yake inaanza kama saa nne na nusu na ushei asubuhi na inakwenda karibu sawa na saa za kawaida, kila mara saa ya ukutani inaonyeshwa. Tutaiwasha muda huohuo, saa ya sebuleni ikiwa juu ya televisheni, na sitachemsha chai mpaka treni ifike.