Kufuli za Gemu na Jina Lisilo Lake

Gemu ya StarTropics ya Nintendo, iliyotoka Marekani mwaka 1990, iliuzwa na barua ya karatasi ndani ya boksi. Ukishacheza kwa muda, gemu inakutaka uichovye barua hiyo kwenye maji. Karatasi inalowa, na maandishi yaliyofichwa yanaanza kujitokeza. Humo mna namba 747, na bila namba hiyo husongi mbele.

Watu wengi huihesabu barua hii kuwa kinga ya nakala, yaani kizuizi cha kunakili gemu. Mimi siikubali. Enzi hizo ni nani aliyeweza kunakili kaseti ya Nintendo sebuleni kwake? Aliyekwama ni mtoto aliyeazima, aliyekodi, au aliyenunua kaseti ya mkononi wakati boksi limeshatupwa zamani. Kaseti yake ilikuwa halisi kabisa.

Kwangu, kinga ya nakala ina kazi moja tu: kutambua kipi halisi na kipi kimenakiliwa. PlayStation ya kwanza iliifanya kazi hiyo kwa ustadi. Diski halisi ziliwekewa mtikisiko mdogo sana kwenye njia ya data, uliobeba herufi nne, na mashine ya kawaida ya kuchomea CD haikuweza kuutoa. Lakini tazama herufi ya mwisho: I kwa Japani, A kwa Marekani, E kwa Ulaya. Diski ya Japani iliyolipiwa hadi senti ya mwisho ilikataliwa na mashine ya Ulaya sawasawa na ile iliyochomwa mtaani. Basi alama moja ilibeba kinga ya nakala na mpaka wa soko kwa pamoja. Chipu ambazo mafundi walizichomelea ndani, hata huku kwetu, zilitamka herufi hizo kwa niaba ya diski, na vizuizi vyote viwili vikaanguka. Aliyetaka tu kucheza diski yake halali kutoka Japani akaingizwa kapu moja na mharamia.

Linaloniuma ni kwamba jina hili la kinga ya nakala bado linatumika kufunika mengine. The Crew ya Ubisoft, gemu ya mwaka 2014, ilihitaji seva, yaani kompyuta za kampuni zinazofikiwa kwa mtandao, hata ukicheza peke yako. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Diski yake halisi, ambayo haijawahi kunakiliwa na mtu, ukiitia kwenye mashine leo haichezeki.